Mtaa Uliomnyima Mama Sukari

Mimi Mwatumu sina subira, na anayesema ninayo ananisingizia. Mama alipopata ugonjwa wa sukari, ule wa kujichoma sindano kila siku, ndugu zangu wote walijua atakayeshindwa kwanza ni mimi. Sikushindwa, ila niliteseka. Kazi niliyopewa na mama ilikuwa kukaa kitako na kunyamaza.

Mama, Asmahani binti Uweso, alikuwa mpambaji wa maharusi pale Chumbageni. Miaka hiyo ya hamsini hakuolewa binti mtaani kwetu bila kupakwa hina kwa mkono wake. Alikuwa mjane, ana nyumba yake mwenyewe, na ukumbi wake haukukauka wasichana. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu, haipandi hata akikasirika. Mimi nimefuata kwa baba.

Kila asubuhi nilitoka kwangu Ngamiani kwenda kumtazama. Alichemsha bomba la sindano la kioo kwenye kisufuria chake, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukipikia hata maji ya chai. Chupa ya dawa aliitia ndani ya mtungi uliofungwa kitambaa kilicholowa, maana barafu tungeitoa wapi. Kisha alipima mkojo: matone machache kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, anakiweka motoni, anangoja. Ukibaki buluu, alhamdulillahi. Siku moja uligeuka mwekundu kama tofali.

"Nani jana kakuletea kashata?" nikamuuliza.

"Mwanangu, hilo ni langu na Mola wangu."

Halafu anajibana nyama ya paja na kujichoma. Siku za mwanzo mikono ilimtetemeka, nami vidole vinaniwasha nimnyang'anye lile bomba nimalize kazi. "Kaa, Mwatumu," anasema. Nakaa. Mwisho mkono ukamtulia, akawa anajichoma huku ananipa habari za harusi ya jana.

Kaka yangu Hatibu hakuyataka hayo. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Pongwe, ana nyumba ya mabati, mke mpole, na hofu isiyo na dawa. Alitaka mama ahamie kwake.

"Pongwe nitampamba nani?" mama akamwuliza. "Mikonge?"

Hatibu alipoona ameshindwa, akapita mtaani nyumba kwa nyumba. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari, akawaambia, asimpe mtu sukari, hata akiomba, hata akilia. Watu wakamwapia. Walimpenda mama, jamani, na walichokiapa walikishika.

Lakini kuna jambo Hatibu hakulisikia, ingawa lilisemwa mbele yake hospitali. Sindano ile hushusha sukari mwilini, na mtu akishajichoma kisha asile, hushuka kupita kiasi. Hapo dawa ni sukari hiyohiyo, tena upesi. Akikosa huzimia, na huenda asiamke.

Siku moja mama alikwishajichoma, uji ungali jikoni, mara mtu akaja mbio. Bibi harusi wa nyumba ya pili analia, hataki kuguswa na yeyote ila Bibi Asmahani. Mama akaenda bila kula. Mambo ya kule yakachukua muda, na njiani kurudi jasho likamtoka, magoti yakalegea. Akajikokota hadi dukani kwa Sadalla. Mimi sikuwapo. Haya nimeyapata kwa Sadalla mwenyewe, na kwa Benedikta, jirani yetu Mbondei, aliyekuwa pale ananunua mafuta ya taa.

"Sadalla, nipe sukari."

"Shikamoo, Mama Hatibu. Sukari? Aa, hapana, mama. Mwanao katukataza."

"Nipe, baba. Nakufa."

Benedikta akamshika mkono, kwa huruma kabisa. "Jikaze, mama. Hiyo tamaa tu, itapita."

Tamaa! Mpaka leo nikilisikia neno hilo damu inanichemka.

Basi mama, ambaye hajapata kumwita mtu hata mjinga, akawatukana. Akamtukana Sadalla, akamtukana Benedikta na ukoo wake wote hadi Muheza, matusi ambayo Sadalla amekataa katakata kunitajia. Kisha akamsukuma Sadalla, akatumbukiza mkono kwenye gunia la sukari, akabwia. Akabwia tena. Akaanguka kitako palepale, buibui limemvuka kichwani, sukari imemjaa kidevuni, na watoto wanaotoka chuo cha Kurani wanamkodolea macho. Mtu mmoja akasema kapandwa na shetani. Baada ya kitambo akili zikamrudi. Akajistiri, akawaomba radhi wote, akaenda nyumbani akala uji wake, akajifungia ndani.

Kesho yake Hatibu huyo, na lori la shambani. Hakungoja kukaribishwa. Kitanda cha mama kikatolewa kikapandishwa.

"Mama amekuwa mwizi wa sukari madukani," akaniambia. "Wewe unangoja nini tena?"

Nilikuwa na la kumjibu, tena si moja, lakini mama alininyamazisha kwa jicho. Akamwita Hatibu aketi mkekani.

"Unaogopa nitakufa peke yangu," akamwambia kwa sauti yake ileile ya chini. "Jana sikuwa peke yangu, mwanangu. Nilikuwa katikati ya watu wanaonipenda, na nilikuwa nakufa, kwa sababu uliwaambia mama yako hajui anachoomba."

Akamweleza kazi ya sindano, na kwa nini aliingiza mkono guniani. Hatibu akabadilika rangi.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nimekwambia mara ngapi! Ulikuwa unaitikia tu, huku unawaza kitanda changu utakiweka wapi. Pongwe siendi. Ulipita nyumba kwa nyumba kuwakataza. Haya, pita tena."

Hatibu akatoka. Nami nikamfuata, na sitadanganya, nilitaka kuona anavyoaibika. Kwa Benedikta alieleza kwa kigugumizi, na Benedikta akajipiga kifua, "Yesu wangu, mimi ndiye niliyemshika mkono!" Nyumba nyingine ikafuata, na nyingine, mpaka tukafika dukani.

"Sasa, bwana karani," Sadalla akasema, "juzi nisimpe, leo nimpe. Nishike lipi?"

"Akiomba, mpe."

"Na nitajuaje kama anaihitaji kweli?"

Hatibu alilitazama lile gunia.

"Hutajua," akasema. "Hata mimi sijui. Anayejua ni yeye."

Mtu mzima, tai shingoni, akalia mbele ya wateja. Hamu yote ya kumcheka ikaniisha. Nikampa ncha ya kanga yangu ajifute, kisha tukarudi kukishusha kitanda cha mama.