Uso Nao Una Mlango

Mwanangu, nakumbuka jioni moja hapa Msambweni, kabla sijapanda gari la moshi kwenda Kampala, nilipita barazani nikiwa nimevaa koti la kuazima. Koti lilikuwa la Mzee Hamisi, aliyerudi nalo kutoka vita vya Burma, naye mwenyewe alikuwa ameketi pale anakunywa kahawa. Aliniangalia juu hadi chini, akawaambia wenzake, "Mtazameni mtoto wa mkwezi! Anakwenda kusomea kupiga picha na kuchora viti. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Atarudi kabla koti langu halijashika jasho."

Baraza zima lilicheka. Na kweli nilikuwa mtu wa kuazima. Sanduku lilikuwa la Mwalimu Bakari. Viatu vilikuwa vya Fundi Mwinyi, seremala, vikubwa hata ncha zake nilizijaza magazeti. Walisema mtoto wa mkwezi wa minazi hawezi kukaa darasa moja na watoto wa watu. Leo diploma yangu iko ukutani, na kioo chake nakifuta mwenyewe kila Ijumaa. Sijivuni, mwanangu. Haya basi, najivuna kidogo, lakini nina haki.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa abuni kitu cha kutumika nyumbani, akitengeneze kwa mkono wake, na akipige picha tangu kikiwa ubao hadi kitumike. Kisha aandike tafakari: kwa nini umekata hapa, kwa nini umesimama pale na kamera. Wenzangu walichora taa na makabati. Mimi nilichagua mbuzi ya kukunia nazi. Dada yangu Mejumaa ana kovu mkononi tangu alipokuwa akitambaa, akaushika ule ulimi wa chuma wenye meno. Nikabuni mbuzi ambayo kazi ikiisha, ulimi unakunjwa, unaingia chini ya kiti, na mtoto anapita salama.

Nikarudi nyumbani likizo. Nilichagua ubao wa mfenesi, nikaupiga randa kwa Fundi Mwinyi, na kila hatua nikaipiga picha. Chuo kilikuwa kimenipa kamera na mikanda miwili ya filamu. Wa kwanza ulikuwa wa kazi. Wa pili niliuweka kwa siri nijipige picha mimi mwenyewe na lile koti, nije nizioneshe barazani. Ujana una mambo yake.

Ilibaki picha moja tu, ya mbuzi ikiwa kazini. Asubuhi nikaenda kwa Shangazi Mwanasha, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyenilea. Mbuzi nilikuwa nimemwachia tangu jana yake aijaribu. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikapita hadi uani. Alikuwa ameikalia, leso imemteremkia mabegani, nywele wazi kama mwanamke alivyo nyumbani kwake, anakuna nazi huku akiimba. Jua lilipenya kwenye makuti likamwangukia nusu. Mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha tusimsimamishe mtu katikati ya picha kama nguzo ya nyumba. Tumsogeze pembeni, tumwachie nafasi mbele ya macho yake. Niliona kila kitu kimejipanga chenyewe. Nikabonyeza.

Shangazi alisikia mlio. Akapandisha leso kichwani.

"Omari, ulipofika mlangoni ulisemaje?"

"Nilisema hodi, shangazi."

"Nami nikakwambiaje?"

"Karibu."

"Nilikukaribisha nyumbani. Uso nao una mlango. Huo uliubishia hodi saa ngapi?"

Nikajitetea. Nikasema picha ni nzuri sana, nitapatia diploma, wala hapana mtu wa Msambweni atakayeiona.

"Nani ataisafisha?"

"Fundi wa chuoni."

"Mwanamume?"

"Ndiyo, shangazi."

"Akishaisafisha mtaitundika ukutani, na wanaume wa Kampala watapita wakitazama nywele zangu. Alhamdulillahi, mtoto wetu amesoma!"

Nielewe hapa, mwanangu. Picha yake haikuweza kutolewa peke yake. Filamu ni mkanda mmoja, na ukiutoa juani zinaungua zote. Humo ndimo zilimokuwa picha za ubao, za randa na za maungio, na mbuzi yenyewe ilikwishaundwa. Bila picha hizo kazi yangu ilikuwa haina miguu. Ningerudi nyumbani mikono mitupu, na koti la Mzee Hamisi kavu kabisa.

Shangazi hakuniamuru lolote. Alirudi kukuna nazi, leso ameifunga hadi kwenye nyusi, na haimbi tena. Laiti angenifokea! Nilikaa kwenye kizingiti, ile kamera mapajani, mpaka kizio cha nazi kikabaki kifuu kitupu, akachukua kingine. Ndipo nikasimama mbele yake, nikafungua kamera, nikauvuta mkanda wote nje, juani.

"Haya, shangazi. Hakuna tena."

Aliutazama ukining'inia kama gamba la nyoka. "Na zile picha zako za ubao?"

"Zilikuwamo humo humo."

Akaweka nazi chini. "Huna mkanda mwingine?"

"Ninao mmoja. Nilitaka kujipiga picha mwenyewe."

Shangazi alicheka hata akashika mbavu. "Wewe na uso wako huo! Haya, ulete. Kichwa changu kimefungwa, lakini mikono hii soko zima linaijua. Piga mikono."

Basi nikapiga mikono. Bila uso wa kuniongoza, nililazimika kutazama kwa kweli. Niliona vidole vinavyouzungusha upande wa nazi, nazi nyeupe iliyokunwa ikishuka bakulini, na kivuli cha ulimi wa chuma kikilala chini kama mshale. Nilisogea karibu, nikarudi nyuma, nikapiga magoti. Nilimpiga picha akiukunja ulimi kwa kidole kimoja tu, kazi imekwisha. Kisha nikakata ubao mpya, nikaanza mbuzi nyingine tangu mwanzo, nikiipiga picha upya kwa filamu iliyobaki. Ya pili ilishinda ya kwanza kwa kila hali. Mstahimilivu hula mbivu.

Kule chuoni mwalimu aliinua picha mbele ya darasa akauliza, "Omari, mbona mtu wako hana kichwa?"

Nikamjibu, "Mwalimu, mwenye kichwa hajakitoa."

Darasa lilicheka. Lakini katika tafakari yangu nilieleza yote, na nikaandika kwamba picha hupangwa kwanza kwa adabu, kisha kwa jicho. Hakuna aliyenipita mwaka ule. Muulize yeyote niliyesoma naye.

Niliporudi nilianzia barazani. Nilimvulia Mzee Hamisi koti lake mbele ya watu wale wale, na juu yake nikaweka mbuzi mpya ya kukunja kwa ajili ya mkewe. Akalinusa koti pale kwenye kola. "Lo! Hili limeshika jasho," akasema, akanishika mkono asiuachie. Mwalimu Bakari akapata sanduku lake na mbuzi. Fundi Mwinyi akapata viatu vyake na mbuzi, akaitafuta kasoro kwenye maungio mpaka akachoka.

Wa mwisho alikuwa shangazi, aliyeniazima mikono. Nilimpa picha ya mikono yake ndani ya fremu ya mfenesi. Aliitazama, kisha akasema, "Sikujua kuwa ni mizuri hivi." Nikaweka kamera chini, nikasema, "Hodi, shangazi." Alijitengeneza leso taratibu, akakaa wima.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Picha ya uso niliyompiga hapo niliisafisha kwa mikono yangu, nikamkabidhi pamoja na filamu yake. Hakuna mwingine aliyeiona hadi leo.

Basi, mwanangu, wewe unayebeba kamera, na wewe unayechonga au unayechora, sikiliza. Soma kwa bidii, na anayekucheka mvumilie, huenda koti ulilovaa ni lake. Kitu utakachokibuni, kibuni ukimfikiria mtoto anayetambaa karibu nacho. Na kabla hujachukua sura ya mtu, piga hodi, usubiri. Ukinyimwa, mlango mwingine upo, nao huenda ni mzuri zaidi. Heshima si utumwa. Mungu akupe jicho linaloona na mikono isiyochoka, na kila utakapobisha hodi, uitikiwe karibu.