Samli Ndani ya Sumaku

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni, mgonjwa wa mwisho alipotoka, fundi wa mashine ya MRI aliweka chupa zangu mbili ndani ya sumaku, moja ya maji na nyingine ya samli. Nilikuwa nimekodi saa moja katika hospitali ya binafsi huko Meru.

Mashine hiyo hupiga picha za ndani ya mwili: hutuma mipigo mifupi ya mawimbi ya redio mwilini, kisha husikiliza mwitikio. Mafuta huitikia kwa masafa ya chini kidogo kuliko maji. Mimi hutengeneza redio mtaani Bulla Pesa, Isiolo. Hesabu za mawimbi nilijifunza peke yangu, kwenye kompyuta ya mtumba, tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Nilikuwa nimebuni mpigo wa kunyamazisha mafuta pekee, ili yasifiche ugonjwa kwenye picha. Fundi huyu ndiye mtu pekee niliyeweza kumweleza kwa nini mpigo unapaswa kupanda na kushuka polepole. Hadi siku hiyo tulikuwa tunaandikiana tu. Aliniahidi kwamba samli ikizimika kwenye picha na maji yakabaki, angeendelea kufanya kazi nami hata ng'ambo, alikokuwa anahamia mwisho wa mwezi.

Picha ikatokea. Maji yalionekana yamepinda. Chini ya chupa ya samli palikuwa na shimo jeusi, na juu yake samli iling'aa kana kwamba haikuguswa.

"Mzee, umeniletea chuma?" fundi akauliza.

"Ni plastiki na samli."

"Basi ng'ombe wa Isiolo wanakula misumari."

Alicheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo.

Tulipiga picha tena bila mpigo wangu. Shimo likabaki palepale.

"Hapa hatuwezi kujua kama mpigo ni mzuri au mbaya," akasema, akitazama saa. "Safiri salama, mzee."

Nyumbani nilishika sumaku ya spika, nikaipitisha kwenye kitako cha chupa. Chembe nyeusi zikapanda ubavuni mwa chupa zikiifuata. Ulikuwa mchanga wa mto Ewaso Nyiro, wenye chembe za chuma. Jirani yangu, muuza maziwa ya ngamia, alinioshea chupa ile kabla ya safari kama anavyoosha vyombo vyake vyote: mchanga wa mto, maji kidogo, kutikisa sana. Sumaku ilikuwa mezani kwangu muda wote huo, nami sikuipitisha.

Asubuhi jirani huyo alibisha hodi.

"Salaam aleikum, jirani. Chupa niliyokuoshea imekuaibisha?"

"Aleikum salaam, mama. Walisema ni safi sana."

"Si nilikwambia! Sabuni waachie watu wa Nairobi."

Akaenda zake, ameridhika. Nilimwandikia fundi kuhusu mchanga, kwa urefu, na mchoro. Mwezi ukaisha bila jibu. Mpigo bado uko kwenye kompyuta, na hadi leo sijui kama unafanya kazi.

Nauli, samli, na saa moja ya mashine: shilingi elfu kumi na mbili, mia nne na hamsini.