Jarife Lililohamia Kusini

Safari hii niliianza kwa hasira. Kazi yangu Dar es Salaam ni kusoma mwanga unaopita ndani ya kebo ya mtandao, ile yenye nyuzi za kioo iliyolala chini ya bahari. Maji ya kilindini yakiisukuma, mwanga huyumba kidogo, nasi tunajua mkondo unaelekea wapi. Jumanne, toka alfajiri hadi adhuhuri, mwanga ulionyesha maji ya chini yanakwenda kusini, ilhali ya juu yanakwenda kaskazini. Bosi akasema nimeunganisha mitambo kinyume. Jumatatu angefuta vipimo vyangu vyote vya miezi mitatu. Kebo inapita nje ya delta ya Rufiji, anakovua mjomba wangu. Nikabeba begi.

Ijumaa asubuhi nilishuka Kibiti, nikapanda bodaboda hadi Nyamisati. Kiuno kiliniuma. Kutoka hapo boti ya injini ikanipitisha katikati ya mikoko mpaka Maparoni.

Saa nane mchana nilimkuta Mjomba Saidi uani, ametoka msikitini.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, Mwanahawa. Za huko?”

“Nzuri. Jumanne ulikwenda kilindini?”

Akanuna. Mkewe akadakia kutoka jikoni, “Hapo usimguse. Yeye na Omari hawasemezani.”

Omari ni jirani yao. Wamevua pamoja toka ujanani.

“Alfajiri nilitega jarife, wavu wangu mkubwa, chini, kaskazini ya mwamba,” mjomba akasema. “Adhuhuri nalikuta kusini. Maji yanakwenda kaskazini, nyavu zina miguu? Kalihamisha Omari ili aniibie samaki.”

Nikacheka peke yangu, mkewe akachungulia kuona nina nini. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha mjomba mstari wa maji ya chini, saa kwa saa. Aliufuata kwa kidole, akaurudia. Kicheko changu kikakatika nilipoona uso wake.

“Nimemwita mwizi, mwanangu. Msikitini, mbele za watu.”

Alasiri tulikwenda kwa Omari. Mjomba akapiga hodi mara tatu ndipo tukaitikiwa.

“Omari, nimekukosea. Ni maji yaliyolihamisha jarife, si wewe.”

Nikamfungulia kompyuta, akaufuata mstari hadi mwisho.

“Langu nalo nililikuta kusini,” akasema. “Nilijua ni wewe. Nikakustahi, nikanyamaza.”

Mjomba alikaa chini palepale kizingitini. Omari akamwita mkewe alete chai.

Jumamosi walinisindikiza wote wawili hadi kwenye boti, wakibishana ni nani aliyefika kwanza mwambani Jumanne ile.

Jumatatu nilimpa bosi karatasi yenye maelezo ya wavuvi wawili. Akaisoma, akaniomba radhi, vipimo vikabaki. Nilikwenda Maparoni kutafuta mashahidi wa kebo yangu, na furaha ninayo hadi leo. Lakini kila nikiona mstari ule wa Jumanne, humkumbuka Omari, aliyeamini ameibiwa na rafiki yake, akatukanwa yeye, na bado akamfichia siri.