Gari la Baba na Mbuzi wa Ntheo

Kwa muda wote niliomfahamu akiwa kazini, baba yangu alikuwa dereva wa magari ya watu wengine, akienda alikoambiwa kwa mwendo alioambiwa. Alipostaafu, mwajiri wake, ambaye alikuwa akihama nchi na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia, alimpa gari lake la spoti. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, na tumbo lake lilikaribia ardhi kiasi kwamba kuku wetu, ambao hupita chini ya kila kitu, walilizunguka.

Baba alilileta nyumbani, kijijini upande wa Tulia, Kitui, likiwa juu ya lori, maana hakutaka liguse barabara. Alilijengea banda la mabati kabla jiko la mama halijapata mabati. Alilifunika kwa shuka mbili na blanketi moja, blanketi ambalo mama alilitafuta kwa wiki nzima kabla ya kutambua lilikokwenda. Kila Jumapili baada ya ibada alilifunua, akawasha injini, akaiacha ingurume kwa muda wa wimbo wa beti nne, kisha akaizima na kulifunika tena. Baadhi ya waumini walizoea kusimama langoni petu, Biblia mikononi, kana kwamba ibada ilikuwa na sehemu ya pili.

Nilirudi kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya ualimu wa historia na dini, pamoja na imani kwamba mali iliyofungiwa wakati majirani wanatembea kwa miguu ni aina ya dhuluma. Nilikuwa nimepata kazi katika shule moja ya sekondari mjini Kitui. Jioni moja, tukila muthokoi wa mahindi na maharagwe, niliona wakati umefika wa kulisema.

"Baba, gari lile liliundwa ili liende. Kulifungia bandani ni kulinyima maana yake."

Baba hakuacha kutafuna. "Limekulalamikia?"

"Halina mdomo, baba, lakini—"

"Basi tuwasikilize wenye midomo. Mama yako ana mdomo, na hajasema kitu."

"Mimi nimesema tangu siku ya mabati," mama akajibu.

Mjadala ule uliendelea kwa wiki tatu. Nilizungumzia wajibu wa mwenye nacho kwa asiye nacho. Baba alizungumzia mawe. Alikuwa ameendesha kwa miaka mingi na alijua kila jiwe lililoko kati yetu na mji. Hatimaye, asubuhi moja, aliweka ufunguo juu ya meza kando ya chai yangu.

"Chukua. Lakini si la harusi wala la kujionyesha Jumamosi. Utaliendesha kila siku, mvua inyeshe, vumbi litimke. Halafu tutaongea."

Nilidhani nimeshinda.

Siku ya kwanza nilijifunza kwamba matuta ya barabarani hayavukwi kwa kunyooka. Ilinibidi niyaendee kimshazari, tairi moja baada ya nyingine, kama mzee anayepanda ngazi, huku pikipiki na mikokoteni ya punda ikinipita. Gari ambalo, kwa maelezo ya baba, lingeweza kushindana na upepo, lilifika Kitui likiwa limeshindwa na mwanamke mmoja aliyekuwa na debe la maji kichwani. Aliniaga mara mbili.

Siku ya pili nilikabiliwa na jambo zito zaidi. Kwetu, mwenye gari hampiti jirani yake barabarani. Lakini mimi nilikuwa na kiti kimoja tu, na majirani hawakuwa mmoja. Mtu mwingine angechukua yeyote aliyetangulia kusimamisha. Mimi, nikiwa nimesomea mambo ya haki, niliandika ratiba. Kwanza wagonjwa, pili wajawazito, tatu wazee, nne wanafunzi wenye mitihani, na kila kundi na siku yake. Niliibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa.

Ratiba ile ilidumu siku sita. Wagonjwa waliongezeka ghafla, hasa siku za soko. Wazee wawili, ambao walikuwa wametaniana kwa amani tangu ujana wao, walinuniana juu ya nani aliyezaliwa kwanza, na mmoja alifika na shahidi. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mwenye mwili na heshima ya kutosha, alipata zamu yake siku ya Alhamisi akiwa na kikapu cha sukuma wiki. Kuingia aliingia, kwa kuwa mteremko ulimsaidia. Kutoka ndiko kulikohitaji walimu wenzangu wawili.

"Mwalimu," aliniambia akijipangusa kitenge, "Mungu akubariki. Lakini siku nyingine nitatembea. Hii gari yako mtu halali wala haketi."

Hata hivyo niliendelea kuliendesha, na ndani ya miezi mitatu jambo fulani lilinipata bila mimi kuliona. Nilianza kwa kuweka mkeka sakafuni. Kisha niliwaomba abiria wakung'ute viatu. Kisha nikakataa gunia la makaa, nikieleza kwa upole kwamba makaa yana vumbi lake la pekee. Nilihamisha mahali pa kuliegesha shuleni mara nne, nikiukimbia kwanza mgunga, kwa sababu ya ndege, halafu jua, halafu uwanja wa mpira, halafu wanafunzi wote kwa jumla. Nikanunua shuka. Mama alinikuta jioni moja nikifuta vioo kwa fulana yangu mwenyewe, akasema tu, "Wawili sasa," akaendelea na safari yake ya kuni.

Mambo yalikuwa yamefikia hapo ilipowadia Jumamosi ya ntheo.

Katika Ukambani mwanamke hahesabiki kuwa ameposwa, hata awe na pete na baraka za mchungaji, mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Ni mbuzi watatu, nao hufika wakiwa hai, mbele ya mashahidi. Mchumba wangu, mwalimu kama mimi, kwao ni Mbumbuni, Makueni, ng'ambo ya Mto Athi. Babu yake ndiye angewapokea mbuzi, na sisi tulikuwa tumeshaahirisha mara mbili. Mara ya kwanza baba alikuwa na homa. Mara ya pili mimi nilikuwa nasimamia mitihani. Safari hii babu alituma ujumbe mfupi kupitia kwa mjukuu wake: tufike kabla ya saa nane, na tusipofika angeelewa kwamba hatumtaki binti yao, wala tusingehitaji kumweleza zaidi.

Tuliondoka asubuhi. Baba mdogo alitangulia na pikapu yake, mbuzi watatu nyuma, na mimi na baba tulifuata ndani ya gari la spoti. Tulivuka mto vizuri. Baada ya hapo lami iliisha, na muda mfupi baadaye pikapu nayo ikaisha. Tulimkuta baba mdogo amesimama kando ya barabara, mikono kiunoni, moshi ukitoka chini.

"Klachi imeungua," alisema. "Hii haiendi hata kwa maombi."

Ilikuwa yapata saa sita na nusu. Simu yangu ikalia. Alikuwa mchumba wangu.

"Mko wapi? Babu ameshavaa koti."

"Tuko njiani," nikajibu. Mimi sisemi uongo, na jambo hilo lilikuwa kweli kwa kila namna isipokuwa kwa mwendo.

Tulingoja gari lolote. Lilipita lori moja la mchanga, likiwa limejaa na likielekea tulikotoka. Kisha ikaja bodaboda moja, mwenyewe akiwa tayari kubeba mtu, au mtu na mbuzi mmoja, lakini si msafara. Baba alitazama saa yake, akatazama mbuzi, akatazama gari lake. Akavua koti la suti.

"Mbuzi waingie humu."

"Humu wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wawili hapo nyuma ya viti. Beberu atapakatwa na mdogo wangu. Nitaendesha mimi. Wewe panda boda."

Najua kwamba neno la kwanza lililopaswa kunitoka lilikuwa asante. Badala yake nilisema, "Baba, viti ni vya ngozi."

"Na mbuzi pia ni wa ngozi," akasema baba mdogo, ambaye tayari alikuwa amemshika beberu pembe.

Nikaendelea. Nilieleza habari za kwato. Nilieleza kwamba mkojo wa beberu hautoki katika kitambaa, seuze ngozi. Nilipendekeza tungoje kidogo, huenda pikapu nyingine ingetokea. Nilipendekeza tuwafungue mbuzi na kuwaswaga kwa miguu, nikapiga hesabu ya kilomita kwa sauti, nikaiacha njiani. Nilipendekeza hata tumpigie babu simu tumwombe wiki moja. Wakati huo wote baba alikuwa amesimama na mbuzi jike mikononi, akinisubiri nimalize, kama alivyozoea kuwasubiri waajiri wake wamalize maongezi mlangoni. Mwenye bodaboda alizima injini ili asikie vizuri.

"Mwalimu," akasema baba mdogo, "kumbe ile ratiba ya kanisa haikuwa na siku ya mbuzi?"

Mtu aliyebandika ratiba ile ubaoni hakuwa huyu aliyesimama barabarani akitetea viti mbele ya ndoa yake mwenyewe, na nisingeweza kueleza ni siku gani tulipobadilishana. Nilifungua mlango. Nilimshika mbuzi wa pili kwa miguu na kumsukuma ndani, naye, akiwa na akili kuliko mimi, hakubisha.

Baba aliondoka kama mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa kwa miaka yote ya kustaafu kwake. Hakukwepa mawe, aliyajua yapo na akayapitia. Nilimfuata nyuma, juu ya bodaboda, katika vumbi jekundu lililofanana rangi na gari, kiasi kwamba kuna wakati sikuweza kutenganisha kinachotimka na kinachotimua. Tulipofika kwenye changarawe ya mwisho kabla ya Mbumbuni, kitu kikubwa kilidondoka kutoka chini ya gari na kubingirika mpaka mtaroni. Lilikuwa bomba la moshi. Tangu hapo gari lilitangaza habari zetu lenyewe. Nilisikia baadaye kwamba watu wa kwao mchumba wangu walidhani ni helikopta, na kwamba shangazi mmoja alikimbia kubadilisha leso.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Wanawake walipiga vigelegele kwa ajili ya gari, wakidhani ndiyo fahari yetu. Kisha mlango ukafunguka, akatoka beberu, akafuatwa na baba mdogo akiwa na kipande cha ngozi ya kiti mkononi, kipande ambacho alikuwa amempokonya mkubwa wa wale mbuzi jike wawili wa nyuma ya viti. Vigelegele vilisita, halafu vikarudi kwa nguvu mara mbili.

Babu alikuja polepole. Hakulitazama gari. Aliwapapasa mbuzi migongo, mmoja mmoja, akafungua midomo yao akatazama meno. Kwa yule jike mkubwa alikaa kidogo.

"Huyu ana kitu kooni."

"Ni kiti," baba akajibu.

Babu alifikiri juu ya hilo. "Basi ameshiba safari. Wamefika watatu, na wako hai. Tumewapokea." Halafu akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama kando nikiwa mwekundu kuanzia nywele hadi soksi. "Na wewe wa pikipiki, umelipwa? Usiende bila kula."

Baba mdogo alicheka mpaka akaegemea boneti.

Mchumba wangu aliniletea beseni la maji nyuma ya nyumba. Alinimiminia mikononi mpaka maji yakaanza kuwa na rangi ya maji.

"Nimeambiwa hukutaka mbuzi wapande," akasema.

"Nilifikiri kwanza."

"Kwa muda gani?"

Ningeweza kudanganya kwamba ni kidogo tu. "Kama dakika nne. Pengine tano."

"Dakika tano ulikuwa unanipima mimi na kiti?"

"Sikuona hivyo wakati ule. Lakini ndivyo ilivyokuwa, ndiyo."

Alimimina maji yaliyobaki yote mara moja, na mengi yalinimwagikia shingoni. "Na baba yako alifikiri kwa muda gani?"

Nilitazama mbele ya nyumba. Baba alikuwa amepewa kiti karibu na babu, shati lake la kanisa likiwa na alama za kwato kifuani, akieleza kwa mikono miwili jinsi alivyopita kona ya mwisho. Sikuwahi kumwona akilieleza gari lile namna hiyo.

"Hakufikiri," nikasema.

"Basi leo nimemkubali baba yako," akasema akichukua beseni lake. "Wewe bado nakutazama. Nenda ukamshike yule beberu miguu achinjwe, wanakungoja."

Nikaenda nikamshika.