Mashine ya Vitabu Isiyojua Thoni

Nyaga aliumbuliwa na kompyuta mbele ya mama mkwe wake, akiwa amejibanza katikati ya rafu za vitabu vya kilimo.

Wacha nieleze pole pole. Mwenyewe amenikubalia.

Ilikuwa 1998, Siakago. Nyaga alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa suti moja na baiskeli iliyopigwa msasa.

Parokia ilikuwa na chumba cha kusomea. Mwaka huo mgeni mmoja wa kujitolea akaleta kompyuta yenye programu ya kuwachagulia watu vitabu. Leo mngeiita akili bandia na maisha yaendelee. Sisi tuliiita tu mashine.

Inakuuliza umri wako, kazi yako, na kinachokusumbua. Halafu inakutajia kitabu, na inakueleza kilimfaa mtu wa aina gani kabla yako. Kadiri watu walivyoijibu, ndivyo ilivyozidi kuwa janja.

Majina haikuuliza, kwa hivyo watu wakajiona salama. Na hii ni Siakago, ukikohoa sokoni, nyumbani kwenu washaweka tangawizi jikoni.

Sasa, Nyaga na mkewe Lydiah walikuwa wamekaa miaka minne bila mtoto. Lawama unajua huenda wapi. Mama yake Nyaga alimletea Lydiah mizizi ya kila aina, michungu kama nyongo, na Lydiah akainywa bila neno.

Nyaga alikuwa pale akitazama.

Alipokuwa kijana aliugua matubwitubwi, yakamshukia mpaka mahali ambapo mwanaume hapataji. Tangu hapo alikuwa na shaka yake. Siku moja mchana, chumba kikiwa kitupu, akaiketia ile mashine na kuichapia yote kwa kidole kimoja. Mambo ambayo hajawahi kumwambia mke wake.

Mashine ikamchagulia kitabu kuhusu wanaume wasioweza kuzalisha. Akakisoma ofisini amekifunika na gazeti. Akaenda kupimwa mbali, mahali hakuna anayemjua, na daktari akamthibitishia.

Akarudi nyumbani, akamkuta Lydiah anakunywa dawa. Akaomba chai.

Hiyo chai, aliniambia, mpaka leo anaionea aibu.

Baadaye ami yake, Mzee Runji, akaitisha kikao. Lydiah arudishwe kwao Gachoka, Nyaga atafutiwe mwingine. Jumamosi.

Alhamisi Nyaga yuko chumba cha kusomea, mara mama mkwe wake, Regina, huyo anaingia.

Kwetu mwanaume na mama mkwe hawakai benchi moja. Hawatazamani usoni, na mambo ya kitandani hayatajwi wakiwa karibu. Hiyo ndiyo thoni. Kwa hivyo Nyaga alifanya anachofanya mkwe yeyote mwenye adabu, akajificha nyuma ya rafu.

"Mwanangu," Regina akamwambia Ednah, msichana wa pale, "wameniambia hiyo kitu inajua vitabu. Iko na ya kusaidia msichana hashiki mimba? Jumamosi wanataka kunirudishia wangu kama debe imetoboka."

"Tujaribu, mama."

Ednah akachapa. Mashine ikanguruma. Regina macho yalikuwa yameanza kufifia, basi Ednah akamsomea kwa sauti.

"Imechagua hiki cha wanaume wasiozalisha. Inasema kilimfaa mwanaume, mwalimu, miaka thelathini na nne, ndoa ya miaka minne, aliugua matubwitubwi akiwa..."

Ednah akaufunika mdomo kwa kiganja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakawa wanachunguza kucha zao. Nyaga alitamani ardhi ipasuke immeze. Akainama, ndipo akagundua kwamba rafu haikufika chini na viatu vyake vilikuwa nje, vinaonekana na kila mtu.

Regina alivitazama. Halafu akatazama dari.

"Mwanangu," akamwambia Ednah kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "ukiona huyo mwalimu, mwambie mimi masikio yangu ni ya uzee. Leo sijasikia kitu. Lakini Jumamosi nitakuwa nimesikia."

Akachukua kitabu akaenda zake.

Jumamosi ikafika. Ungedhani Nyaga alisimama mapema akasema ukweli. Wapi. Alikaa akiangalia chini huku Mzee Runji akizunguka na hadithi za shamba lisilootesha. Regina alikuwa kwa upande wa wanawake, kitabu mapajani chini ya leso.

"Lydiah, simama wakuone," Runji akasema.

Lydiah akasimama.

Hapo ndipo Nyaga akasimama pia. "Ami, mwambie akae. Shida ni yangu. Nilipimwa. Nimejua tangu mwezi wa nne."

Mama yake akajifunika uso na leso. Kikao kikavunjika bila maombi ya kufunga, na Runji akaondoka bila kuaga. Regina alipita karibu na mkwe wake, macho chini kama inavyotakiwa, akaenda.

Nyumbani Nyaga hakuweza hata kuketi.

"Lydiah, nimekukosea. Nilikuficha."

"Hukunificha," Lydiah akasema. Alikuwa anakoleza moto. "Mimi pia niliuliza hiyo mashine. Mwezi wa tano. Ikanitajia habari za mwalimu fulani."

Nyaga akashika mlango.

"Ulijua? Na ukaendelea kunywa ile dawa?"

"Niliendelea."

"Kwa nini sasa?"

"Ningekataa, wangeuliza shida iko wapi." Akapuliza moto tena. "Na nilikuwa nangoja wewe ndio uniambie."

Nyaga alilia. Mwalimu mzima, suti mwilini.

Wapo bado pamoja, wamelea mtoto wa dada yake Lydiah mpaka akamaliza chuo. Lakini Nyaga akisikia vijana wakisema siku hizi simu inawajua kuliko watu wa nyumbani kwao, hacheki. Huwauliza swali moja tu: nani aliiambia kwanza?

Ndugu yangu, uliza mashine unachotaka, ikuchagulie hata vitabu mia. Ila neno linalomhusu mkeo, aanze yeye kulisikia, tena kutoka mdomoni mwako.