Kizibo kimeruka mbele ya mkwe

Hodan wangu anaolewa! Salaam aleikum marafiki.

Leo asubuhi huyo binti yangu, mhasibu wa Nairobi (ndiyo, yule wa digrii), alikuwa ananionyesha kinywaji cha kuwakaribisha wakwe. Juisi ya maembe, unachanganya na ya zabibu yenye mapovu. Haina pombe, wallahi.

Lakini chupa yake! Shingo ndefu, karatasi ya dhahabu, kama ya walevi kabisa.

Mara mama wa bwana harusi akaingia bila kupiga simu.

PAA! Kizibo kikaruka, kikaanguka karibu na kiatu chake.

Akakitazama kizibo, akanitazama mimi.

Nikasema Bismillahi, nikanywa glasi nzima mbele yake. Jasho, dada zangu!

Akanusa chupa. Akaonja. Akaonja tena.

"Ni tamu. Lakini dada zangu wa kule kijijini Griftu wakiona hii chupa, hakuna harusi. Mimina kwa birika."

Hodan akalia, "Hooyo, mama yangu, mapovu yataisha!"

Nikamjibu, "Heri mapovu yaishe, mchumba abaki!"

Nyinyi mngefanyaje? Mimi chupa nimeificha mpaka hao dada waje na waondoke.

Njooni wote Jumamosi asubuhi tuwakaribishe wakwe. Mkimiminiwa juisi kutoka birika la chai, kunyweni tu, na msiulize chupa.