Unga ya Udongo mu Mwezi wa Ramazani

Mi natengeneza mbabura, majiko za udongo za kupikia, hapa Cibitoke tangu kiuno yangu ilikuwa bado inajua ngoma. Watu wanazisifia kwa sababu hazipasuke ku moto, na mi napenda sana kusifiwa, siwezi kudanganya. Siri iko mu unga. Natwanga udongo mukavu, nakaanga mu sufuria ku moto mukali, kisha nachanganya na udongo mubichi. Ukikaanga kidogo, mbabura inanywea wakati inakauka, inapasuka. Ukikaanga kupita, unga inakuwa kama muchanga, haishikane tena na mwenzake. Mbabura inatoka nzuri ku macho, kumbe ndani iko mulegevu.

Kwa kujua, naweka kidogo ku ulimi. Ikinata, ndio yenyewe.

Sasa ilikuwa Ramazani, mi nafunga. Jirani yangu, mama mukristu mwenye anauzisha mandazi, alikuja kuomba moto, akanikuta nachungulia sufuria.

"Bibi, nikuonjee?"

"Weye? Ulimi yako inajua sukari tu."

Tukacheka. Kweli yenyewe, sikutaka ajue siri ya unga yangu. Nikakisia kwa macho. Na mbabura ya kwanza ya ile unga, ni yeye aliibeba.

Haikumaliza wiki. Nikasikia kishindo, nikakimbia kwake. Mbabura imebomoka chini ya karai, mafuta imemwangika yote, mandazi za kuuza zimelala mu majivu. Yeye kashika kichwa.

"Ni mi, Bibi. Nilijaza makala mingi, moto ikazidi. Unisamehe, nimeharibu kazi yako."

Eti yeye ananiomba musamaha.

"Apana," nikasema. "Si makala. Ni unga. Iliungua kupita."

Akaniangalia.

"Kwa hiyo mi nilisimama pale na ulimi yangu mu kinywa, haina kazi, na we ukapenda kukisia?"

"Nilipenda."

Nikamupa mbabura yenye mi mwenyewe napikiaka. Akaiweka ku kichwa, akaenda bila asante, na mi sikuingoja.

Magaribi akaniletea sahani ya mandazi, kama kila siku ya mufungo. Siku zingine anakaa, tunapiga masoga mupaka naenda tarawehe. Siku ile aliweka sahani ku mulango, akarudi kwake. Zilikuwa moto bado. Mi nakulaka nne bila kupumua, lakini siku ile hata moja sikumaliza.